Modeli Yasema Mvua Itaongezeka, Mkulima Asema Imepungua

Hotuba kwa wakuu wa idara, wahandisi, maafisa wa nyanjani na wajumbe wa kamati za wadi za kupanga masuala ya tabianchi



Siku hizi mpango wa maendeleo wa kaunti hauonekani kukamilika bila ramani za rangi. Samawati humaanisha mvua itaongezeka, kahawia humaanisha itapungua, na chini ya ramani kuna maandishi madogo yanayotaja mwaka 2050 au mwisho wa karne. Mhandisi wa barabara huitazama akitaka kujua kalavati ijengwe kwa upana gani. Afisa wa kilimo hutaka kujua kama mbegu inayochukua miezi sita bado itafaa. Mjumbe wa wadi hutaka kujua silanga ichimbwe wapi na iwe na kina gani. Na mzee aliyelima shamba lilelile kwa miaka arobaini huinua mkono na kuuliza: ramani hiyo imetoka wapi, na aliyeichora amewahi kufika huku?

Swali la mzee ndilo mada ya leo. Nyingi ya ramani hizo hutokana na modeli za tabianchi za kikanda, na kwa zaidi ya miaka ishirini muda na fedha nyingi zimetumika kuwafundisha wanasayansi wa Afrika kuzitumia. Kaunti inapotenga fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, mafunzo huwa moja ya mambo yanayogombania fedha hizo, pamoja na visima, miche na mitaro. Kwa hiyo mwananchi ana haki ya kujua mafunzo hayo hufundisha nini hasa, na kaunti hufaidika vipi mtu anaporudi na cheti mkononi.

Kwanza, modeli yenyewe. Hiyo si ramani, wala si utabiri wa wiki ijayo unaosomwa redioni. Ni programu ya kompyuta iliyojaa hesabu za fizikia: jinsi jua linavyopasha ardhi joto, maji yanavyogeuka mvuke, hewa inavyopanda na kupoa, mawingu yanavyojikusanya. Ili hesabu hizo ziwezekane, dunia hukatwa miraba kama ubao wa drafti, na kila mraba hupewa kiwango kimoja cha joto, kimoja cha upepo na kimoja cha mvua. Modeli za dunia nzima kwa kawaida zimekuwa na miraba yenye upande wa kilomita 100 hivi au zaidi. Kaunti nyingi za Kenya zinaweza kumezwa na mraba mmoja na nafasi ikabaki. Ndani ya mraba huo, mtu wa mlimani anayevaa sweta mwezi Julai na mtu wa tambarare anayelala nje kwa ajili ya joto hupewa hali ya hewa moja.

Chukua Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199. Katika mraba mkubwa kama huo, kilele, miteremko na nyanda za chini huchanganywa na kutolewa wastani, na mlima ukabaki kama kichuguu. Sasa, hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 mtu anapopanda. Modeli ikiushusha mlima kwa mita 1,000, mahali hapo huonekana pana joto kuliko ukweli kwa nyuzi sita na nusu. Afisa akizitumia takwimu hizo bila kuzirekebisha, atawaambia wakulima wa viazi kwamba ardhi yao inafaa mihogo.

Modeli ya kikanda iliundwa ili kupunguza kosa hilo. Huchukua kipande kimoja cha dunia, kwa mfano Pembe ya Afrika, na kukikata kwa miraba midogo zaidi, yenye upande wa kilomita 50, 25 au hata 12. Kwenye kingo za kipande hicho hupokea upepo, joto na unyevu kutoka kwa modeli ya dunia, halafu ndani huendelea na hesabu zake yenyewe, ikiwa na milima, maziwa na pwani zilizo karibu zaidi na hali halisi. Gharama yake si ndogo. Upande wa mraba ukipunguzwa kwa nusu, idadi ya miraba huwa mara nne, na hatua za muda nazo hufupishwa kwa nusu, hivyo kazi ya kompyuta huongezeka takriban mara nane. Tena modeli ya kikanda hula kilichopikwa na modeli ya dunia. Ikiwa modeli ya dunia inaleta unyevu kupita kiasi kutoka Bahari ya Hindi, miraba midogo haitalisahihisha kosa hilo. Italichora kwa undani zaidi, na kosa lililochorwa kwa undani hupendeza macho kuliko ukweli uliochorwa kwa mkaa.

Modeli za aina hii zilianza kujengwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwanasayansi Mwitaliano Filippo Giorgi alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Baadaye alihamia Trieste, Italia, kwenye kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistan, kwa nia ya kuwapa wanasayansi wa nchi zinazoendelea mahali pa kujifunza na kukutana na wenzao. Modeli inayotunzwa huko, RegCM, hutolewa bila malipo, na warsha za Trieste zimepokea wanasayansi wengi kutoka Afrika. Afrika Mashariki haikungoja kuletewa matokeo. Mwaka 1999 marehemu Prof. Laban Ogallo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Prof. Fredrick Semazzi wa North Carolina State University, Liqiang Sun na Giorgi mwenyewe, walichapisha utafiti uliojaribu modeli ya familia hiyo kwa mvua ya vuli ya eneo hili, wakianza na vuli ya mwaka 1988. Walitaka kuona kama modeli iliyozaliwa nchi za baridi inaweza kuielewa mvua ya ikweta, na milima na ziwa kubwa kama Viktoria vikiwa ndani ya eneo la hesabu.

Uingereza nayo, kupitia kituo cha Hadley cha idara yake ya hali ya hewa, iliunda modeli iitwayo PRECIS, ambayo ingeweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Iligawiwa kwa wanasayansi wa nchi zinazoendelea pamoja na mafunzo. Wazo lilikuwa zuri: nchi isisubiri kuandikiwa ripoti na wengine, bali iendeshe hesabu zake yenyewe. Lakini kompyuta moja ya mezani, ikipewa kazi ya kukokotoa tabianchi ya miaka 30, ilihitaji miezi. Anayejua jinsi stima zinavyopotea ataelewa kwa nini mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo mwanafunzi hufundishwa ni namna ya kuianzisha upya kazi pale ilipokatikia, asirudi mwanzo.

Mwaka 2009 mambo yalichukua mwelekeo mwingine. Mpango wa utafiti wa tabianchi wa dunia ulianzisha ushirikiano uitwao CORDEX, ambapo taasisi mbalimbali ziliendesha modeli zao za kikanda kwa utaratibu mmoja, ili matokeo yaweze kulinganishwa. Afrika ndiyo iliyopewa kipaumbele cha kwanza. Kwa mara ya kwanza, matokeo ya modeli nyingi kwa bara zima, kwa miraba ya kilomita 50 hivi, yaliwekwa mahali ambapo mwanasayansi wa Nairobi, Kampala au Addis Ababa angeweza kuyachukua bila kuwa na kompyuta kubwa. Warsha za kuyachambua zilifanyika Trieste na Cape Town, na washiriki wakagawanywa kwa kanda zao: Afrika Mashariki wenyewe kwa wenyewe, Magharibi vivyo hivyo, Kusini vivyo hivyo.

Hapo ndipo maana ya mafunzo ilipobadilika. Hapo mwanzo mtu alifundishwa kuendesha mashine. Sasa mashine imekwisha kuendeshwa na wengine, na kilichobaki ni kazi ngumu zaidi: kuamua ni kipi katika matokeo hayo kinaaminika na kipi hakiaminiki. Kundi la Afrika Mashariki lilichapisha mwaka 2013 tathmini ya modeli kumi kuhusu mvua ya eneo hili. Lilipata kwamba modeli nyingi zinaielewa misimu, zinajua kuna masika na vuli, na zinaonyesha athari ya El Niño na ya joto la Bahari ya Hindi. Lakini modeli moja moja ilikuwa na makosa makubwa, hii mahali hapa, ile mahali pale, na wastani wa modeli zote kumi ulikuwa karibu na ukweli kuliko nyingi zikichukuliwa peke yake. Kaunti ikiletewa ramani inayotokana na modeli moja, jambo la kwanza la kuuliza ni zile nyingine zimesema nini.

Mtu anayeingia darasani kwa mara ya kwanza hutarajia kuzungumza juu ya mawingu. Siku za mwanzo huenda zikaishia kwenye amri za kompyuta, kwa sababu modeli hizi hufanya kazi kwenye mfumo wa Linux ambao wengi hawajawahi kuugusa, na faili moja iliyokosewa jina hukwamisha asubuhi nzima. Kisha huja swali linaloonekana dogo: eneo la hesabu likatwe wapi? Mipaka ikipita juu ya milima ya Ethiopia, upepo unaoingia hugongana na miinuko isiyolingana, na makosa husambaa ndani. Ikiwekwa karibu mno na nchi husika, modeli haipati nafasi ya kujenga hali yake ya hewa. Mwanafunzi hujifunza kuisogeza mipaka baharini, mbali na anachotaka kukitazama.

Baada ya hapo huja zoezi ambalo mwalimu mzuri haliruki. Washiriki hawaanzi na mwaka 2050. Huanza na miaka iliyokwisha kupita, ambayo majibu yake yanajulikana. Wanaweza kupewa vuli ya mwaka 1997, ile ya El Niño ambayo madaraja yake yaliyosombwa bado yanakumbukwa na watu wazima wote, na kuulizwa: modeli yenu imeiona? Wanaweka matokeo upande mmja na takwimu za vipimamvua upande wa pili. Hapo vichwa huinama. Modeli imeiona mvua, lakini imeimwaga upande usiokuwa wake wa mlima. Ama imeianza msimu mapema. Ama jumla ni sawasawa na jinsi ilivyonyesha si sawa kabisa.

Hilo la mwisho linastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndilo linalogusa shamba na barabara. Mwezi mmoja mahali fulani pamenyesha milimita 60. Katika hali halisi, ilinyesha siku mbili tu, milimita 30 kila siku, mchana, ikiambatana na radi. Modeli yenye miraba mikubwa, ambayo haiwezi kuliona wingu moja moja, ikazigawa milimita hizohizo kwa siku ishirini, milimita 3 kila siku. Anayeangalia jumla ya mwezi ataipa modeli alama zote. Afisa wa kilimo akiziamini hizo siku ishirini ataona udongo wenye unyevu kila siku na mahindi yasiyonyauka, kumbe baina ya mvua mbili palikuwa na wiki mbili za jua kali. Mhandisi naye ataona manyunyu ambayo hata mtaro mdogo ungeyapokea, kumbe milimita 30 za alasiri moja ndizo zilizokata barabara. Kosa hili la kunyesha mara nyingi na kidogo kidogo linajulikana katika modeli za miraba mikubwa duniani kote. Mwanasayansi aliyefunzwa hulijua hata kabla ya kufungua faili. Asiyefunzwa hulipaka rangi ya samawati na kulituma kwa waziri wa kaunti.

Ili kupunguza kosa hilo, wanasayansi wamejaribu miraba midogo zaidi. Mradi mmoja wa Waingereza na washirika wao uliendesha modeli ya Afrika nzima kwa miraba ya kilomita 4.5 hivi, kiwango ambacho wingu la radi huanza kujitokeza lenyewe bila kukisiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mvua kubwa za saa chache zinaweza kuongezeka zaidi ya ilivyodhaniwa kutokana na miraba mikubwa. Mhandisi wa mitaro alihifadhi hilo akilini. Hata hivyo hesabu hizo zilikuwa za miaka kumi kumi tu, kwa sababu ya gharama, na modeli ilikuwa moja. Hata kitu kizuri kina kipimo chake.

Sasa turudi kwenye ramani ya samawati na yule mzee. Modeli nyingi za dunia, na za kikanda zinazozifuata, zimekuwa zikisema kwa miaka mingi kwamba mvua ya Afrika Mashariki itaongezeka kadiri dunia inavyopata joto. Wakati huohuo vipimamvua vilionyesha mvua ya masika, Machi hadi Mei, ikipungua tangu miaka ya 1980. Wanasayansi huliita jambo hili fumbo la tabianchi ya Afrika Mashariki, na limeandikiwa makala mengi. Mkulima hakuhitaji makala. Alikuwa akisema mvua inachelewa kuja na inakatika mapema.

Kilichogunduliwa baadaye kinafaa kusomwa katika kila kamati ya wadi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulichambua msimu wa masika siku kwa siku na kupata kwamba upungufu huo ulitokana zaidi na msimu kufupika, yaani kuanza kwa kuchelewa na kukoma mapema, kuliko mvua yenyewe kupungua nguvu siku inaponyesha. Kwa maneno mengine, mkulima alikuwa sahihi hata katika maelezo yake. Na hakuna aliyeweza kuliona hilo kwa kutazama jumla ya msimu peke yake. Lilihitaji takwimu za kila siku, na mtu aliyefundishwa kuuliza swali linalofaa.

Ikiwa modeli hazikuona kilichotokea jana, je, zitupwe? Hapa wanasayansi wenyewe hawajafika mwisho. Masika ya mwaka 2018 na ya 2020 ilikuwa mikubwa. Kisha, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilifeli katika maeneo makame ya Kenya, Ethiopia na Somalia, na nchini Kenya pekee mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Haukupita mwaka, vuli ya 2023 ikaleta mafuriko, na masika ya 2024 mafuriko mengine. Silanga zilizokauka zilipasuka kingo. Familia zilizopoteza mbuzi kwa ukame zilipoteza nyumba kwa maji.

Katika hali kama hiyo, mwanasayansi anayefaa kaunti si yule anayetoa jibu moja kwa sauti kubwa. Ni yule anayeweza kumwambia mhandisi: kuhusu jumla ya mvua ya masika modeli hazijaafikiana na vipimo, usijenge juu ya hilo, lakini kuhusu joto kuongezeka zote zinaafikiana, na kuhusu mvua nzito za muda mfupi ushahidi unaelekea upande mmoja, na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo kalavati lisijengwe kwa kipimo cha babu. Na anayeweza kumwambia afisa wa mifugo: silanga isifanyiwe hesabu kwa wastani wa mwaka, bali kwa idadi ya misimu mibaya inayoweza kufuatana, na kwa joto linalonyonya maji yaliyomo. Maneno hayo hayajazi ukurasa kwa rangi, lakini ndiyo yanayookoa mamilioni ya shilingi.

Kuna mfano mwingine wa nyumbani. Mwaka 1982 J. H. Kinuthia na G. C. Asnani waliandika juu ya upepo wenye kasi unaopita chini kwenye bonde lililo kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya. Leo dunia nzima huuita mkondo wa Turkana. Upepo huo hubeba unyevu wa Bahari ya Hindi na kuupitisha bara, na ni miongoni mwa sababu zinazoifanya kaskazini mwa Kenya kuwa kame ilhali iko karibu na ikweta. Modeli ambayo imeisawazisha milima hiyo huliona bonde kama uwanda mpana, upepo ukalegea, na mvua ikakosewa. Machi na Aprili 2021 watafiti walirusha puto zenye vipima hewa kaskazini mwa Kenya ili kuupima mkondo huo upya, maana vipimo vya eneo hilo vilikuwa haba mno. Angalia mpangilio wa mambo: kwanza mtu alipima, baadaye modeli ikasahihishwa. Haijawahi kuwa kinyume.

Nchini Kenya mafunzo haya yana nyumba. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha hali ya hewa, Idara ya Hali ya Hewa ina taasisi yake ya mafunzo, na kituo cha tabianchi cha IGAD, ICPAC, kilichoanza mwaka 1989 kama kituo cha kufuatilia ukame, huhudumia nchi kumi na moja. Tangu mwaka 1998 kongamano la utabiri wa msimu la Pembe ya Afrika limekuwa likiwakutanisha watabiri na watumiaji wa utabiri, na kabla ya kongamano wanasayansi wa nchi mbalimbali huketi pamoja wakichambua data zao bega kwa bega. Utabiri wa msimu si kitu kimoja na makadirio ya mwaka 2050, na wengi huvichanganya. Lakini mikono ni ileile, na mtu aliyezoea kuona utabiri wake ukipimwa na mvua ya kweli kila baada ya miezi michache hujifunza unyenyekevu ambao makadirio ya miaka thelathini ijayo hayawezi kumfundisha.

Sasa yasemwe na yale yasiyopendeza. Afisa hupelekwa mafunzo kwa wiki mbili. Hurudi na cheti, na picha ya pamoja, na diski yenye data. Ofisini kompyuta ni ya kuandikia barua, na intaneti ni ya kununua kwa simu yake. Baada ya miezi mitatu amri za Linux zimesahaulika. Baada ya mwaka amehamishwa, ama ameajiriwa na shirika linalolipa vizuri zaidi, na aliyechukua nafasi yake anaombewa nafasi katika mafunzo yaleyale. Pengine aliyekwenda hakuwa hata yule anayeshughulika na data, bali yule ambaye zamu yake ya kusafiri ilikuwa imefika. Kaunti haiwezi kuilaumu Trieste kwa hilo.

Dawa yake si ngumu kuielewa, ingawa huenda ikawa ngumu kuitekeleza. Si lazima kila kaunti iwe na mtu wa kuendesha modeli; kaunti 47 hazihitaji kompyuta kubwa 47. Kazi hiyo iachiwe Nairobi. Kaunti inahitaji watu wawili au watatu, wasiohamishwa pamoja, wanaojua kuchukua matokeo, kuyalinganisha na vipimo vya hapa, na kukataa kutia sahihi kwenye ramani isiyoeleweka. Mmoja wao awe mhandisi. Mafunzo yaliyowafikia watabiri peke yao yamemwacha mjenzi na mkulima upande wa pili wa mto, na mara nyingi mtabiri hajui ni namba gani inayotakiwa hadi mjenzi amwambie: usinipe jumla ya mwaka, nipe mvua kubwa zaidi ya saa moja.

Na wote hao, hata wangekuwa hodari kiasi gani, watahitaji kitu ambacho hakifundishwi darasani. Kipimamvua ni chombo rahisi. Mtu hukisoma saa tatu kila asubuhi na kuandika namba moja kwenye daftari. Akifanya hivyo kwa miaka thelathini, bila kuruka Krismasi wala siku za mazishi, anakuwa ametoa kitu ambacho hakuna kompyuta duniani inayoweza kukitengeneza. Misheni, shule, viwanda vya chai na mashamba makubwa ya zamani walikuwa na vipimo hivyo. Vingi vimenyamaza. Vingine vimegeuzwa vyungu vya maua, vingine vimezingirwa na miti iliyokua hadi mvua ya pembeni haiingii, na modeli ikipimwa kwa takwimu zao huonekana imekosea wakati aliyekosea ni mti.

Mwalimu wa shule ya msingi anayesoma kipimamvua hajaalikwa kwenye warsha yoyote. Ikiwa fedha za mafunzo zitagawanywa upya mwaka huu, naye afikiriwe: jinsi ya kukisoma, wapi kiwekwe, afanye nini akisafiri, na nani amshikie zamu. Siku moja ya mafunzo hayo ina gharama ndogo kuliko tikiti moja ya ndege.

Kwa sasa wajumbe wa kamati za wadi wanaombwa jambo moja. Katika vituo vya zamani, makabati ya shule, ofisi za parokia na nyumba za makarani waliostaafu, kuna madaftari ya mvua. Mengine yameliwa na mchwa nusu. Yasichomwe wakati wa kusafisha, na kurasa zake zisitumiwe kufungia njugu. Aliye nalo, au anayemjua aliye nalo, amwarifu Mkurugenzi wa Huduma za Hali ya Hewa wa kaunti, ambaye atalipiga picha kurasa zote na kulirudisha kwa mwenyewe. Hata lenye mapengo linatakiwa. Hata la miaka mitano. Tafadhali mwandiko uachwe ulivyo, asijitokeze mtu wa kujaza siku zilizorukwa.